Dibaga ya bodi ya STM32: ipi uagize ukiwa Kigoma

Dibaga ni kifaa kinachounganisha laptopu na chipu ya bodi (hapa STM32, kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), ili uichome programu na kutafuta kosa. Ukiwa Kariakoo, dibaga ikikugomea asubuhi unairudisha dukani kabla ya saa sita mchana. Kigoma kifaa kinakuja kwa basi au treni kutoka Dar, na kukirudisha ni nauli nyingine. Ndiyo maana hapa hatukupanga kwa bei. Tumepanga kwa swali moja: bodi uliyoichora mwenyewe ikikaa kimya, tuseme ile ya kuchaji taa za sola za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, kifaa kipi kitakuonyesha kosa lilipo?

Ya kwanza: Nucleo-F103RB au F446RE. Inauzwa kama bodi ya kujifunzia, ila kipande chake cha juu ni ST-Link kamili, yaani dibaga ya ST wenyewe, kampuni inayotengeneza STM32. Chomoa jampa mbili (vifuniko vidogo vinavyounganisha pini) za CN2, kisha toa waya kutoka CN4: pini ya 1 ni volti ya bodi yako, 2 SWCLK (saa), 3 GND, 4 SWDIO (data), 5 NRST (riseti). SWCLK na SWDIO ndizo waya za SWD, njia ambayo dibaga huongea na chipu. Pini ya 1 haitoi umeme, kwa hiyo bodi yako iwe na umeme wake. Utamu wake ni huu: mambo yakikwama, rudisha jampa zile. Ikisoma chipu yake yenyewe, laptopu, draiva na kebo ni nzima. Tafuta kosa kwenye waya au bodi yako. Agiza na kebo kabisa, maana tundu lake ni mini-USB, na kebo nyingi za mitaani ni za kuchajia tu, hazina waya za data.

Ya pili: Raspberry Pi Pico. Shika kitufe cha BOOTSEL, chomeka kwenye laptopu, buruta ndani yake faili la debugprobe, programu inayoigeuza kuwa dibaga, basi. GND ni pini ya 3, SWCLK ya 4, SWDIO ya 5, zote jirani. Inafanya kazi na OpenOCD, programu ya laptopu ya kuendesha dibaga, na haichagui kampuni mradi chipu ni ya ARM Cortex-M, kiini ambacho STM32 nayo hutumia. Ni ya volti 3.3 tu.

Ya tatu: kopi ya ST-Link V2, ile ya umbo la flashi. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote na ndiyo inayopoteza siku nyingi. Mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kopi na kopi, hivyo soma maandishi ya ganda la hiyo uliyoshika, si picha ya mtandaoni. Nyingi huonyesha takriban volti 3.2 hata pasipo bodi yoyote mbele yake, kwa sababu zinapima umeme wao zenyewe. Namba hiyo usiiamini, chukua mita. Pini ya RST nayo mara nyingi haiigusi STM32. Dawa: shikilia kitufe cha riseti cha bodi, bofya kuunganisha kwenye laptopu, achia. Ukinunua, nunua mbili.

Ya nne: J-Link EDU Mini. Nzuri sana, ila leseni yake ni ya masomo. Kama taa utaziuza, iache.

CH340, adapta ya USB kwenda seriali, si dibaga, lakini iongeze kwenye mzigo. Iweke kwenye volti 3.3, peleka BOOT0 (pini inayoiambia chipu ianze na programu yake ya kiwandani) kwenye volti 3.3, bonyeza riseti, pini ya chipu PA9 iende RX ya CH340 na PA10 iende TX yake. Chipu ikijibu hapo huku SWD ikiwa kimya, chipu ni hai. Kagua lehemu ya PA13 na PA14, ambazo ndizo SWDIO na SWCLK.

Na dibaga yoyote itaonekana mbovu kama NRST haisomi karibu volti 3.3, au waya zimezidi sentimita 15 na kasi hujaishusha. STM32F407 inataka kapasita mbili za 2.2 µF, moja kwenye pini ya VCAP_1 na nyingine kwenye VCAP_2. Ukizisahau hutapata kitu.

Bodi ya F103 iliyokubali programu mara ya kwanza na kukataa ya pili haijaungua. CubeMX, programu ya ST ya kupanga pini za chipu, imezima SWD kwa sababu hukuchagua Serial Wire kwenye sehemu yake ya SYS. Inua BOOT0, bonyeza riseti, unganisha, rekebisha mpangilio huo, choma programu upya, kisha shusha BOOT0 kwa rezista ya 10k.