Huu mmea wa rangi ya zambarau umekufa au umelala? Miezi saba nao hapa Lamu

Asalaam aleikum watazamaji wangu, niko hapa hapa nyumbani kwenye kiwanda chetu, yaani ua wa ndani, hizo kelele mtanisamehe, ni punda wa jirani anashushwa matofali.

Haya tuone. Hili poti nililioda mtandaoni mia nane pamoja na kutumiwa, likapanda basi mpaka Mokowe halafu boti, kufika katoni imelowa, majani yamevunjika shingo na udongo ni mfinyanzi unaoshika kama sima. Mwuzaji nkampigia, kimya. Yeye nampa mbili kwa kumi, lakini mmea jamani ni kitu chengine.

Cheki karibu hapa, jani moja lina pande tatu na kila upande ni pembetatu kama tanga la jahazi, rangi ya biringani na katikati waridi iliyopauka. Kitaalamu ni Oxalis triangularis, wauzaji wanauita shamroki lakini shamroki wa Ireland ni jamii ya klova, mmea mwengine wa majani matatu, huu kwao ni Amerika Kusini, Brazil na majirani zake. Ikifika magharibi majani yanashuka kama mwavuli unafungwa, asubuhi yanafunguka, mkwaju nao hufunga majani usiku ila huu una madaha zaidi.

Sasa hapa ndo nataka mnisikize. Mwezi wa tatu, maleleji, upepo hakuna, majani yakaanza kugeuka manjano na kulala moja moja, mimi nkaona una kiu, nkazidisha maji, yakazidi kuanguka mpaka likabaki poti tupu la udongo. Mama akaniambia mwanangu tupa hilo, lakusanya mbu tu. Nkasema wacha nifukue kwanza. Wallahi chini kuna vitu kama vikoni vya mvinje, vigumu vizuri, viwili tu ndo vimeoza, na vimeozeshwa na maji yangu mwenyewe! Kumbe joto likipita digrii 27 hivi huu mmea unaweza kujilaza, na sisi hapa msimu wa kaskazi hio digrii 27 ndo baridi yetu. Nkakata maji kabisa, nkaliweka chini ya ngazi kwenye kivuli, wiki ya tano hivi nkaona kijiti kimejikunja kama ndoana kinachomoza. Tunasema kifauwongo ni ule mmea ukiugusa unajifunga, mimi naona jina wamempa siye.

Mwangaza unataka mwingi lakini sio jua la saa sita. Mimi mwanzo nililiweka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa ajili ya picha, likapendeza siku nne, halafu vijiti vikarefuka vimelegea vinatafuta mlango, kwa hio zidaka muachie vyombo. Udongo nlibadilisha wote, makumbi ya nazi yaliyosuuzwa na samadi ya punda ilioza kabisa (usitie mbichi utaunguza), mchanga wa ufuoni usiguse manake una chumvi. Na maji pia, ya kisima chetu yana munyu, poti lilifanya ukoko mweupe pembeni, sasa natumia ya mvua, na simwagilii mpaka nitie kidole nikute pakavu.

Halafu paka! Lamu hii kila nyumba na paka wake na wa jirani pia. Majani yana asidi oksaliki, ile ile ilioko kwa mchicha, ni makali kama ukwaju kwa hio mara nyingi paka hutafuna kidogo akaacha, ila akila mengi yanaweza kumdhuru figo. Langu nimelining'iniza kwa kamba hapo juu.

Mmea nampa saba. Tatu nimekata manake kama una haraka au unasafiri sana na nyumbani kuna mtu wa kumwagilia kila kitu anachokiona, utaozeshewa. Nimetenga vikoni sita, walioko Lamu andikeni kwa komenti, vichimbieni sentimita tatu hivi chini na msivifukue kila siku kuangalia.