Printa ya wino kwa nyumba isiyochapa kila siku: uzoefu wangu na Epson L3250 hapa Dar es Salaam

Printa ya wino inayokaa nyumbani bila kazi huharibika kwa sababu ambayo wauzaji wengi hawaigusi wanapokueleza bei na kasi yake: wino hukauka ndani ya matundu membamba kuliko unywele. Kwa hiyo mtu anayechapa mara chache, kama mimi, hana haja ya kuanza kwa kuuliza mashine inatoa kurasa ngapi kwa dakika, wala hata ukurasa mmoja unagharimu kiasi gani. Aulize kwanza itakuwaje ikikaa wiki kadhaa bila kuguswa, halafu usiku mmoja mtoto akumbuke kwamba kesho asubuhi anatakiwa kupeleka shuleni kazi yenye picha za rangi.

Nimekuwa nikitumia Epson L3250 kwa zaidi ya mwaka sasa, nyumbani kwangu Tabata. Matumizi yetu hayana mpangilio. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, hivyo mwisho wa mwezi huchapa jedwali la hisa, orodha ya marejesho na muhtasari wa kikao. Watoto wana kazi za likizo. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, wapwa zangu na vijana wa jirani hujazana sebuleni, kwa kuwa mwombaji wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hujaza taarifa zake mtandaoni, kisha huchapa fomu, huipeleka kusainiwa na kugongwa mihuri, halafu huiskani na kuipandisha tena kwenye mfumo. Msimu huo ukipita, printa hukaa kimya hadi unaweza kusahau kwamba ipo.

Kukaa huko kimya ndiko kulikoiua printa tuliyokuwa nayo kabla ya hii, ambayo chapa yake sitaitaja. Ilikuwa na katriji ndogo nne, lakini kichwa cha kuchapia, ambacho mafundi hukiita hedi, kilikuwa kimejengwa ndani ya mashine yenyewe. Kwanza njano ilififia, kisha nyeusi ikaanza kutoka na mistari myeupe katikati ya herufi. Fundi niliyempelekea alitoa karatasi moja ya majaribio, akaiangalia kwenye mwanga wa mlangoni, akaniambia, “Mama, hedi imeziba. Nikiisafisha ni kubahatisha tu, na hedi mpya bei yake inakaribia printa nzima.” Nilimshukuru kwa ukweli wake, maana angeweza kunitoza fedha ya kubahatisha.

Kilichonisaidia kuchagua safari hii ni kuelewa jinsi wino unavyorushwa, na nadhani yeyote anayekwenda dukani angefaidika kulijua jambo hili kabla ya kulipia. HP na Canon huupasha wino joto: ndani ya kila tundu mna kinzani ndogo inayopata moto kwa muda mfupi mno, kiputo cha mvuke kinajitokeza, na kiputo hicho kinasukuma tone la wino nje. Epson na Brother hutumia kipande cha piezo, yaani kitu kinachobadilika umbo kikipitishiwa umeme, nacho hulikamua tone bila kulichemsha. Hedi ya aina ya kwanza hutengenezwa kwa gharama ndogo, ndiyo maana katika printa nyingi za bei nafuu imewekwa kwenye katriji yenyewe, kama ilivyo kwa katriji za HP 123 au Canon PG-445. Hedi ya piezo ni ghali na imekusudiwa kudumu muda mrefu, hivyo hukaa ndani ya printa na haibadilishwi ovyo.

Ukifuata hoja hiyo peke yake, mtu anayechapa kwa nadra angepaswa kununua ile yenye hedi kwenye katriji. Ikikauka, anatoa katriji na kuweka mpya, na hapohapo amepata hedi mpya. Hoja hiyo ina uzito, na ndugu yangu anayechapa kurasa chache sana kwa mwaka nilimshauri hivyohivyo. Tatizo lake liko kwenye ujazo. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 imekadiriwa kutoa kurasa zipatazo 120 tu, na makadirio ya aina hii hupatikana kwa kuchapa kurasa za majaribio mfululizo. Hayahesabu wino unaomwagwa ndani kwa ndani kila mashine inapojisafisha baada ya kukaa. Katriji ya rangi nayo hubeba rangi tatu katika gamba moja, kwa hiyo njano ikiisha unatupa na bluu iliyobaki. Mwezi mmoja tu wa fomu za mikopo ungemaliza katriji zaidi ya moja, na kinachofuata kila mtu mjini hapa anakijua: kujaza kwa sindano, vidole vyeusi, na katriji inayokataa kutambuliwa.

Printa za matangi zilikuja kujibu tabia hiyohiyo ya kujijazia. Epson walianza kuuza zao mwaka 2010 nchini Indonesia, ambako watu walikuwa tayari wanaunganisha matangi ya kienyeji na mipira ya wino kwenye printa za katriji. L3250 imo katika ukoo huo. Ina matangi manne mbele, upande wa kulia, yenye dirisha la kuonyesha kiasi kilichobaki, na hujazwa kwa chupa za wino namba 103 zenye mililita 65 kila moja. Kampuni inakadiria kurasa 4,500 kwa chupa ya nyeusi, na 7,500 kwa chupa za rangi tatu zikitumika pamoja. Kwa matumizi ya nyumba yangu hiyo ni miaka. Si kwamba nahitaji kurasa hizo zote. Ninachonunua hasa ni uhuru wa kumwaga wino kidogo kila wiki kwa ajili ya kuitunza hedi bila kuona uchungu. Mwenye katriji ya kurasa 120 huogopa kuchapa ukurasa wa rangi usio na kazi, na kwa kuogopa huko hedi inakauka.

Jambo la pili lililonivuta ni aina ya wino. Rangi zote nne za 103, pamoja na nyeusi, ni wino wa rangi iliyoyeyuka kabisa kwenye maji. Printa nyingi nyingine hutumia nyeusi yenye chembechembe, ambayo hutoa herufi kali zaidi na haiogopi maji, lakini ikikaukia kwenye tundu ni kazi kuitoa. Wino ulioyeyuka huwa mwepesi zaidi kuzibuka. Hasara yake ni kwamba karatasi ikidondokewa na maji, maandishi yanatoka ukungu, na mtu anayetembea na fomu wakati wa masika aiweke ndani ya mfuko wa plastiki. Kama kazi yako ni mikataba na barua zinazopita mikono mingi, itazame L4260 ya kampuni hiyohiyo, ambayo nyeusi yake ni ya chembechembe na ambayo pia huchapa pande mbili yenyewe. L3250 haifanyi hivyo: lazima ugeuze karatasi kwa mkono, na kwa muhtasari wa kikao wa kurasa nyingi hilo linachosha.

Huenda msomaji anajiuliza kwa nini sikununua printa ya leza, ambayo tona yake ni unga mkavu usio na cha kukauka. Swali hilo nililizungusha kichwani kwa muda mrefu, na kwa anayechapa maandishi meusi peke yake bado naamini leza ndiyo jibu bora. Lakini leza inapochapa huvuta mamia ya wati ili kupasha moto sehemu inayogandisha tona kwenye karatasi, na inveta yetu ndogo, inayobeba taa, feni na kisambaza intaneti umeme unapokatika, isingeihimili. L3250 inapofanya kazi haifiki hata wati 20. Zaidi ya hapo, watoto wanahitaji rangi, na leza ya rangi ni mzigo mwingine kabisa kwa mfuko na kwa meza.

Kuhusu umeme kuna jambo moja ambalo nalisisitiza kuliko yote. Printa ya wino izimwe kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani wala kwa kung'oa plagi. Ukibonyeza kitufe utasikia hedi ikikimbilia upande wa kulia na kutulia juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia hewa. Baada ya hapo ndipo taa inazimika. Ukikata umeme ghafla, hedi inaweza kubaki katikati ya njia, matundu yake yakiwa wazi, na kwa joto la Dar es Salaam usiku mmoja wa namna hiyo una madhara kuliko wiki kadhaa za kukaa ikiwa imefunikwa vizuri. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi tu iwashe, iache ijipange, kisha izime ipasavyo. Nyumbani nimekataza mtu yeyote kuzima ile ekstensheni kabla ya kuangalia taa ya printa.

Hewa ya pwani yenyewe ina mema na mabaya. Unyevu wake huchelewesha wino kukauka, na sina shaka kwamba mashine hii ingeteseka zaidi Dodoma au Singida. Lakini chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa ni kikavu, na feni ikielekezwa moja kwa moja kwenye printa haina wema wowote. Karatasi nazo hunywa unyevu, hasa kati ya Machi na Mei, zikajikunja pembeni na kuingia mbili mbili. L3250 hupokea karatasi kwa nyuma, kwenye trei inayosimama wazi, kwa hiyo siachi karatasi humo. Rimu hukaa kwenye karatasi yake, ndani ya mfuko uliofungwa, na printa hufunikwa na kanga kuukuu. Vumbi ni sababu moja ya kuifunika. Nyingine ni mende, ambao wanapenda sana sehemu zenye giza na uvuguvugu.

Kila Jumamosi huchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote nne, kwa kawaida ratiba ya watoto ya juma linalofuata, ambayo binti yangu huipamba kwa makusudi ili kila rangi ipate kazi. Kabla ya msimu wa fomu huchapa pia karatasi ya kukagua matundu: vistari vifupi vya nyeusi, bluu, waridi na njano. Vistari vikiwa kamili, basi. Kama kuna pengo, mwongozo unaelekeza kusafisha hedi na kukagua upya, na ukirudia mara tatu bila nafuu, uiache ipumzike kwa saa zisizopungua 12 kabla ya kujaribu tena. Watu wengi hushindwa kusubiri. Wanabonyeza usafishaji mfululizo, na wino wote huo huishia kwenye sponji ya wino taka iliyo ndani ya mashine. Sponji hiyo ina kikomo. Mashine huhesabu, na hesabu ikifika mwisho hugoma kuchapa hadi fundi aibadilishe. Kuna usafishaji mkali zaidi unaobadilisha wino uliomo kwenye mipira yote, nao haupaswi kuanzishwa kama tangi lolote liko chini ya theluthi moja.

Upande wa simu na kompyuta sina mengi. Printa haina skrini, ina vitufe na taa tu, hivyo kuiunganisha mara ya kwanza kunahitaji programu ya Epson Smart Panel na uvumilivu kidogo. Waifai yake hutumia masafa ya 2.4 GHz, na kama kisambazaji chako kinatoa mitandao miwili yenye majina tofauti, chagua huo. Skana ni nzuri kwa vyeti na fomu, na kwa kweli ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko printa yenyewe.

Duka nililonunulia Kariakoo, muuzaji alinipa chaguo jingine wakati nimeshatoa fedha: “Dada, chukua na wino huu wa lita, ni nusu bei na unaingia printa zote.” Niliukataa. Wino usiojulikana ndani ya hedi isiyobadilishika ni akiba ya kipuuzi, hasa ukizingatia jinsi chupa moja halali inavyodumu. Angalia chupa ziwe zimefungwa na lakiri yake, namba 103 isomeke, na udai risiti ya EFD pamoja na karatasi ya dhamana iliyogongwa muhuri siku hiyohiyo. Ukishaijaza wino, printa ya matangi haipaswi kulazwa wala kuinamishwa, kwa hiyo ukihama nyumba ibebe mwenyewe mapajani ndani ya gari au bajaji, vifuniko vya matangi vikiwa vimekazwa, wala usimpe bodaboda aifunge nyuma kwa mpira.