Oili ya trekta: nunua ipi, umwage lini

Mvua zikianza kunukia huku Masasi na Nachingwea, wenye matrekta tunahangaikia diski za plau na matairi. Oili inanunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Ndiyo maana mafundi wetu hawakosi kazi Januari.

Namba moja naipa 15W-40 ya dizeli (namba hiyo ni uzito wa oili) yenye API CI-4, yaani alama ya daraja la ubora, dumu likiwa na lakiri yake. Picha ya trekta mbele ya dumu haina maana; ligeuze nyuma utafute herufi C, ndiyo ya dizeli. Ukiona S peke yake, hiyo ni ya petroli. Massey Ferguson 290 na wenzake wasio na turbo wanatosheka na CI-4 kabisa. CK-4 ni ya daraja la juu zaidi, ila kwa injini hizi za kizamani unalipia usichokihitaji.

Ya pili ni STOU, oili moja inayoingia kwenye injini, giaboksi na haidroliki. Inamfaa mwenye trekta moja na stoo ndogo. Usiichanganye na UTTO, ambayo ni ya giaboksi na haidroliki tu. Wauzaji wengine wanakwambia "zote za trekta hizo, mzee". Soma mwenyewe.

Ya tatu, SAE 40 ya dizeli, oili ya uzito mmoja. Trekta kuukuu linalokula oili linaivumilia, na joto la Kusini halina asubuhi za kuigandisha. Imwage mapema tu.

Ya mkiani ni ya kupima kutoka kwenye pipa. Niliwahi kununua lita nane kwa sababu ya bei. Saa sita mchana oili imekuwa nyepesi kama chai ya rangi, mshale wa presha umelala. Sikurudi tena.

Kumwaga sasa. Injini mpya au iliyotoka ovahoo, saa 50 za kwanza. Baada ya hapo vitabu vya matrekta mengi ya zamani vinasema saa 250. Mapya fuata kitabu chake. Nikipiga haro chini ya mikorosho, kichanga kikiwa kinapaa, mimi namwaga kwenye 200, pamoja na filta. Ukilima saa 10 kwa siku, 250 zinaisha kwa siku 25, kwa hiyo wanaomwaga "msimu kwa msimu" wanajidanganya. Mita ya saa za injini imekufa? Andika saa kwenye daftari la dereva kila jioni.

Weusi usikutishe, dizeli huichafua oili mapema. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: zima, ita fundi.

Na kama filta yako ya hewa ni ile ya bakuli la oili, lifungue kila asubuhi wakati wa vumbi. Tope likijaa mle, hata CI-4 ya dumu jipya haitaiokoa injini.