Lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mawe, Mkomani: uzoefu wangu

Nampa fundi huyu nyota nne kati ya tano, na hiyo iliyobaki nitaieleza. Nawaandikia hasa wenzangu wa Lamu ambao kuta za nyumba zao zilipigwa simiti na sasa zinamwaga unga.

Nyumba yetu ni ya urithi wa upande wa mama, iko Mkomani. Kabla haijafika mkononi mwangu, wapangaji walimwita mkandarasi mmoja akapiga lipu ya simiti msana wa chini wote, yaani ule ukumbi mrefu, toka sakafuni hadi kwenye boriti. Ilipendeza kwa muda. Kisha rangi ikababuka, lipu ikavimba, na ncha za boriti mbili zikaoza pale zinapoingia ukutani. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu wa ardhini na chumvi ya bahari, na chokaa huuacha unyevu ule utoke taratibu. Simiti inauziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe hulivunja kidogo kidogo, mpaka unalikwaruza kwa ukucha linamwagika.

Fundi nilielekezwa na jirani. Ni mzee, anafanya kazi na vijana wake wawili. Kabla ya kutaja bei alipita ukuta mzima akiugonga kwa mpini wa mwiko, sikio karibu, na kila penye sauti ya uwazi akaweka alama ya mkaa. Akakwangua pembeni, akaonja. "Chumvi imejaa, mwanangu. Simiti tutaitoa, lakini lipu hatupigi mpaka ukuta ukauke." Nikamuuliza lini. "Chokaa haina haraka. Mwenye haraka na atafute fundi mwingine."

Simiti waliibandua kwa patasi na nyundo ndogo, hakuna mashine. Palipogoma hawakung'ang'ania, waliparudia baadaye. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi vya ukutani, mzee alishika kazi mwenyewe, kwa kisu. Nakshi zile zilichongwa kwenye tumbawe la baharini, ambalo likitoka majini ni laini, kisha huwa gumu likikauka. Likivunjika leo hupati la kuziba pengo lake, kwa hiyo kila kipande kilichodondoka alikiweka kapuni, na mwisho akavirudisha kimoja kimoja kwa chokaa laini. Kipo kidaka kimoja cha kona ambacho nilishakata tamaa nacho. Leo ukipitisha kidole ukingoni hujui kiungo kiko wapi.

Ukuta ukaachwa uchi kipindi kirefu cha kaskazi, madirisha wazi, na kijana mmoja akija kufagia chumvi iliyotokeza kwa brashi kavu. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu kazi, kwa sababu mwenye nyumba anasumbua na wao wanataka malipo. Huyu hakukubali kusukumwa, hata na mimi.

Kama mtachukua ushauri mmoja kwangu, uwe huu: kabla ya mapatano, mwombe fundi akuonyeshe chokaa yake. Ya huyu mzee imelala shimoni chini ya maji, laini kama samli iliyoganda. Mchanga hataki wa pwani, na kila mzigo ulioletwa na punda aliutia ulimini kwanza. Wa vilima vya Shela hagusi kabisa, maana vilima vile ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya kisima. Tabaka la kwanza alichanganya karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, baada ya kutomea mianya kwa vijiwe na kurowesha ukuta. Matabaka yake ni membamba, na kila moja lilifunikwa kwa magunia yaliyoloa lisije likakauka ghafla na kupasuka.

Boriti hazikung'olewa zote. Zile mbili tu ndizo zilibadilishwa.

Sasa nyota iliyokosekana. Mchanga ukichelewa, anasimamisha kazi bila kukuarifu. Unaamka, unasubiri, hakuna mtu. Vumbi la kubandua simiti lilipanda mpaka ghorofani na kujaa kwenye nakshi za mlango, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufunika. Mapatano yote ni ya mdomo, na mimi ninayegawana gharama na ndugu zangu nilihitaji maandishi. Bei nayo ni kubwa kuliko ya simiti, ila pesa nyingi inakwenda kwenye kazi ya mikono, na hiyo siionei uchungu.

Jambo alilonisisitizia mwanzo kabisa ni ruhusa. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na huanzi kubomoa au kubadilisha kitu kabla ya kupita ofisi ya Makumbusho ya Taifa.

Tangu amalize, ukuta naupaka chokaa tu, rangi ya mafuta haikaribii. Kabati nimezisogeza mbele kidogo hewa ipite nyuma, na kabla ya mvua nakagua makopoe ya darini, ile mifereji ya kutolea maji, yasije yakamwaga maji ukutani. Harufu ya uvundo msanani imekwisha. Chumba cha juu nimempa yeye pia, ataanza masika yakiisha, na safari hii mapatano tumeyaandika.