Uchunguzi wa kiungo cha taya kwa vijana katika kliniki moja ya Ganjoni

Kliniki moja ya meno hapa Ganjoni imetundika tangazo kwamba inaweza kubashiri maradhi ya kiungo cha taya kwa vijana wanaobaleghe, na kwa kuwa binti yangu hulalamikia kichwa na mashavu kila mitihani inapokaribia, nilimpeleka. Tangazo limetia chumvi, ila uchunguzi wenyewe una thamani.

Daktari alianza na maswali matatu, yale yale yanayotumika katika huduma za meno za umma kaskazini mwa Uswidi: je, panja, uso au taya humuuma angalau mara moja kwa wiki, je, huumia vivyo hivyo akipanua kinywa au akitafuna, na je, taya humkwama? Kisha akamwekea ncha za vidole mbele ya masikio, akamtaka afungue na kufumba kinywa polepole, na kwa rula akapima nafasi baina ya meno ya mbele ya juu na ya chini, ambayo kwa kawaida hufika milimita 40 au kupita. Upande wa kushoto ulitoa mlio mdogo, tak, nami nikashtuka. Alinieleza kuwa ndani ya kiungo mna kisahani laini ambacho huweza kuponyoka mbele na kurudi mahali pake kinywa kinapofunguka, na kwamba mlio usioandamana na maumivu wala kukwama mara nyingi hauhitaji tiba.

Alipofika kwenye ubashiri wenyewe, hakulitetea tangazo. Alisema wasichana huathirika zaidi baada ya kubaleghe, na kwamba maumivu ya sehemu nyingine za mwili, msongo wa mawazo na mazoea ya kukaza meno huongeza uwezekano, lakini hakuna kipimo, hata eksirei, kinachoweza kumtaja kwa yakini atakayeugua. Wala hakukubali kwamba kufunga waya za kunyoosha meno ni kinga. Binti alishauriwa apunguze chingamu na ajichunge asiumanishe meno anaposoma.

Dosari iko mapokezini. Karani alinitolea bili yenye kifaa cha kuvaa mdomoni usiku, ambacho daktari hakukiagiza, na kilifutwa baada ya mimi kurudi chumbani kuuliza. Mzazi atakayekwenda na aombe maagizo ya daktari kwa maandishi kabla ya kulipa.