Lincoln wa Springfield: uwakili au ubunge wa jimbo?

Abraham Lincoln, rais wa baadaye wa Marekani, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Illinois mwaka 1834, akiwa na miaka 25, hata uwakili bado. Akakaa vipindi vinne. Alipigania makao makuu yatoke Vandalia yaende Springfield, akaunga mkono miradi ya reli na mifereji iliyoliachia jimbo deni zito. Mwaka 1840 aliruka dirishani ili akidi (idadi ya wabunge inayotakiwa kikao kiwe halali) isitimie, kumbe ilishatimia!

Uwakili ulimlisha zaidi ya miaka 20. Alizunguka mahakama za wilaya kwa farasi, karatasi kazichomeka ndani ya kofia yake ndefu, akitetea leo mdai, kesho mdaiwa. Mwaka 1857 aliishtaki kampuni ya reli, mteja wake mwenyewe, kwa ada ya dola 5,000, akashinda. Mimi ningeshika kofia, dirisha ningemwachia mwingine.