Mtera pazuri, lakini boti ile sipandi tena

Sina ugomvi na bwawa la Mtera. Ugomvi wangu ni na mwenye boti mmoja pale upande wa Iringa, na nimeshindwa kukaa kimya kwa sababu alichomfanyia mjomba wangu hakifanywi kwa mtu mzima.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, kipupwe kimeshaingia. Mjomba amekulia Ifakara, Kilombero imemlea, na tangu astaafu alikuwa anaitaja Mtera kila tukikutana. Hakutaka hoteli wala mbuga. Alitaka ndoano, mshipi, na siku nzima kwenye visiki.

Wanaopita barabara ya Dodoma na Iringa mmeviona. Ile miti mikavu iliyosimama majini ni pori lililomezwa bwawa lilipojaa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa mvuvi wa ndoano hapo ndipo penyewe. Mwani huota kwenye magogo, perege huja kuula, na wenye nyavu hupakwepa kwa kuwa nyavu zinachanika. Ukiwa na mtumbwi mdogo, chambo ukakishusha taratibu pembeni ya shina, unavua samaki ambaye hajasumbuliwa.

Mjomba alimweleza yule kijana mwenye boti haya yote kabla hatujapanda, kwa upole, na akasema wazi: tupeleke kwenye visiki, upepo ukianza turudi. Kijana akaitikia. Akataka Sh 80,000 yote mkononi kabla ya kuwasha injini, maana ndiyo desturi yake, tukampa.

Tulikwenda mwendo mfupi sana, injini ikazimwa. Nikageuka nyuma, nikaona bado wanawake wanaanika samaki kwenye vichanja pale mwaloni. Kulia na kushoto yalikuwa maboya tu, madumu na chupa za plastiki, maana yake nyavu kila upande. Hapo ndipo alipotaka tuvue. Mshipi wangu wa kwanza ulinasa kwenye wavu wa mtu, ikabidi niukate.

Mjomba akamwambia, "Kijana, tulikubaliana kwenye visiki." Jibu alilolipata nalikumbuka neno kwa neno: "Mzee, samaki ni samaki. Mafuta ni yangu. Ukitaka kuchagua, nenda sokoni."

Mzee wa umri ule! Hakuna shikamoo, hakuna samahani, na anayasema hayo huku amejilaza anachezea simu. Mjomba hakujibu. Alikunja mshipi wake akakaa anaangalia maji, na mimi nilitetemeka kwa hasira mpaka mikono ikashindwa kufunga ndoano. Mafuta yakizidi, sema bei mpya tuelewane. Upepo ukiwa mbaya, sema. Lakini asubuhi ile maji yalikuwa shwari kabisa, na mitumbwi ya makasia ilikuwa inatupita kuelekea huko huko tulikotaka.

Usiku ule nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila mtu asiende Mtera. Bahati nzuri, mama aliyetukaangia samaki jioni aliposikia habari yetu akasema ana mdogo wake mwenye mtumbwi, na kesho yake tukaenda naye.

Huyu sasa ndiye mtu wa kazi. Alianza na shikamoo, kisha akamuuliza mjomba, "Baba, unataka perege au kambare?" Swali dogo, lakini ndilo linaloamua kila kitu kwenye bwawa kubwa kama lile. Anayetaka kambare anapelekwa kwenye midomo ya mito, Kizigo na Ruaha, hasa mvua zinapoanza na maji kuingia na matope. Anayetaka perege anapelekwa kwenye visiki na kina kifupi, na kipindi hiki cha baridi hakuna haja ya kukimbilia alfajiri, maana perege wanachangamka jua likishapasha maji. Alitueleza pia kwamba mahali pa mwaka jana si lazima pawe pa mwaka huu. Maji yanafunguliwa kwenda mitambo ya umeme ya hapo hapo na ya Kidatu, na kati ya kujaa kabisa na kiwango cha chini kinachoruhusiwa kuna tofauti ya mita 8.5. Bwawa lenyewe ni tambarare pembezoni, kwa hiyo kisiki ulichovulia kikiwa majini unaweza kukikuta kimesimama kwenye tope kavu, na ng'ombe wanapita.

Tulivua! Perege wanene, wa kujaza kiganja na kuzidi, na mjomba akiita kila mmoja kwa sauti kama mtoto. Ndege aina ya mnandi wamejipanga juu ya matawi, na kiboko tulimsikia kwa mbali tu, kwa sababu kijana aliyajua makazi yao na akazunguka. Mchana upepo ulipoanza kupandisha mawimbi, hakungoja kuambiwa, alitugeuza nyumbani. Na alilipwa baada ya kurudi.

Kwa hiyo niseme nini? Nendeni Mtera. Sijui bwawa jingine hapa nchini ambalo ningempeleka mjomba kwa furaha zaidi. Kubalianeni sehemu kabla ya bei, nusu ya pesa ibaki mfukoni mpaka mrudi, na mkisikia mwenye boti anasema samaki wako popote, shukeni.

Lakini kila nikikumbuka lile jibu, na mjomba alivyonyamaza, moyo unarudi kule kule. Nilifikiri siku nzuri ile ingelifuta, na haijalifuta. Yule wa kwanza pesa yetu aile tu, siidai. Ninachodai ni amwombe mzee radhi, na anatujua, maana tulipita mbele yake na ndoo imejaa akageuza uso.